Kilio cha Yunisi Katika Msimu wa Tisa

Kwa bibi zake Yunisi, huko Kilolo mkoani Iringa, mwanamke aliyefiwa halii sauti tupu. Analia maneno. Anamweleza marehemu jinsi alivyotoka nyumbani, alikula nini mara ya mwisho, nani alikuja kumwita. Na yule atakayetajwa kwenye kilio hana pa kujificha: kabla kaburi halijafunikwa anakuja mbele za watu, anachota udongo kiganjani, anasema lake. Asipokuwa na la kusema, watu wanamtazama mpaka alipate. Mjane hulia hivyo mara moja tu. Ukishalia, umelia.

Yunisi hakulia. Alipofiwa na mumewe Budeba alikuwa mbali na kwao, huku Ubaruku kwenye mpunga, na binti yake Lea yuko mgongoni bado ananyonya. Mchungaji wa wakati ule alimwambia kwa upole kwamba Mkristo hasemezani na maiti, anyamaze, amwachie Bwana. Yunisi ni mtu wa kutii. Alikunja ncha ya kanga, akaisokomeza mdomoni, akaiuma mpaka jeneza likashuka. Neno likabaki ndani.

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Siku aliyokufa Budeba, kabla jua halijatoka, mtu alisimama nje ya dirisha akasema, "Budeba, toka, maji yako yanakuja." Ilikuwa sauti ya Nashoni, mgawaji wa maji kwenye mfereji wao. Yunisi aliijua sauti ile kama anavyojua mlio wa mlango wake. Budeba akabeba jembe, akaenda kupokea zamu yake ya maji, hakurudi tena. Wachunga ng'ombe walimkuta kwenye mfereji wa kutolea maji, kichwa kimepasuka. Wiki hiyohiyo alikuwa amesimama mkutanoni akasema wazi kwamba Nashoni anawakaushia wakulima wadogo na kuwapelekea maji wenye mashamba makubwa.

Nashoni aliwaambia askari kwamba asubuhi ile alikuwa Rujewa, mashineni, anakoboa mpunga. Akapata na watu wa kuitikia.

"Wewe mama ulimwona?" askari alimwuliza Yunisi.

"Nilimsikia."

"Sauti haina sura, mama."

Ikaishia hapo. Miaka ikapita, Lea akakua, akaenda chuo Iringa. Nashoni naye akapanda, akawa mwenyekiti wa mfereji mzima, mwenye kofia ya pama na kiti cha mbele kanisani. Kila Jumapili Yunisi alikaa nyuma yake akitazama kisogo chake. Hakumtukana, hakumnunia. Alimtazama tu.

Sasa, kulikuwa na hii tamthilia ya Inspekta Fanueli. Nadhani hakuna nyumba yenye king'amuzi kuanzia Makambako mpaka Mbeya ambayo haimjui Inspekta Fanueli, mzee wa koti la kijivu asiyepandisha sauti. Misimu minane alikuwa akitafuta wauaji, na misimu minane hajakosea hata mara moja. Akimnyooshea mtu kidole, huyo ndiye. Watu wa Ubaruku walimwamini kuliko walivyowaamini askari wao. Kuku akiibwa, utasikia, "Angekuwepo Inspekta, saa hizi yuko ndani huyo." Yunisi alikuwa akimwangalia kwa jirani yake Esnath, mwenye televisheni kubwa, na kila mkosaji aliposhikwa alisema moyoni, Bwana, na mimi je?

Ndipo ikaja habari kwamba msimu wa tisa unachezwa hukuhuku. Magari yakaingia na vyuma vyao na taa zao, wasichana wamevaa miwani ya jua wanalalamikia mbu. Maiti ya mkulima ingetolewa mfereji wa juu, na walitakiwa wanawake wa kulia. Esnath alikimbia mpaka kwa Yunisi, kanga mkononi.

"Twende! Posho ipo na soda ipo. Wanataka akina mama watu wazima, wale wa kuonekana wameona mambo."

"Mimi niende kulia maiti ya uongo?"

"Si kulia tu! Ya kweli umelia ngapi bure?" Kisha Esnath akakumbuka anaongea na nani, akajiziba mdomo. "Nisamehe, mama Lea. Mdomo wangu huu."

Yunisi hakukasirika. Alikuwa ameshaanza kufikiri. Hakuwa mjinga, alijua Inspekta ni mtu wa kuigiza na koti lake ni la kuvalishwa. Lakini alijua pia kwamba tamthilia ile inatazamwa na nchi nzima, na wakubwa wa polisi, na majaji, na hao walioitikia kwamba Nashoni alikuwa mashineni. Neno likisemwa pale limesemwa mbele za watu. Alipiga magoti kando ya kitanda akamwuliza Bwana. Hakusikia jibu. Alichukua ukimya ule kuwa ruhusa, na hapo ndipo alipokosea, maana maisha yake yote alijua kwamba ukimya ni ukimya.

Walipofika mferejini Yunisi alimwona Nashoni amevaa sare za polisi. Ni yeye aliyewapunguzia maji langoni ili wapate kucheza, na wao kwa shukrani wakamfanya askari wa kusimama nyuma ya Inspekta. Watu wanamtania.

"Afande Nashoni! Usije ukatukamata kweli!"

"Lipeni ada ya mfereji, la sivyo nawaweka ndani wote," akajibu, watu wakacheka.

Dairekta, kijana mmoja wa Dar aliyeitwa Silvester, aliwapanga wanawake kandokando ya maji. "Mama zangu, msiangalie kamera. Lieni kawaida, kama mnavyolia kwenu."

Kama mnavyolia kwenu. Yunisi aliyasikia maneno hayo vizuri.

Maiti ikavutwa majini. Ni kijana wa kuigiza, amepakwa rangi nyekundu kichwani, shati limemganda mwilini. Mguu mmoja ulikuwa umevaa buti la mpira, mwingine mtupu. Budeba naye alikutwa hivyo. Hakuna aliyewaambia; imetokea tu. Yunisi alitoka kati ya wanawake wenzake. Akapiga hatua, akapiga magoti kwenye tope, akaweka mikono kichwani.

"Yooo, Budeba wee! Uliamka hujanywa hata uji! Nilikuambia ngoja kuche, ukasema maji hayangoji! Nani alikuita, mume wangu? Nani alisimama dirishani? Si Nashoni? Nashoni alikuita, Budeba wee, Nashoni alisema toka maji yako yanakuja, ukamfuata! Nashoni, umempeleka wapi? Njoo umwambie hapa alipolala! Njoo useme!"

Wale wanawake wengine walinyamaza. Wenye asili ya kule juu Iringa waliinamisha vichwa, maana walijua hiki si cha kuigiza. Esnath aliitikia peke yake, "Aje aseme!"

Yunisi aliinua macho. Nyuma ya Inspekta, Nashoni alikuwa amebadilika rangi, kofia ya polisi imemteleza. Akatoka kwenye mstari. Alitembea hatua moja, akatembea ya pili, kama mtu anayevutwa na kamba. Akainama, mkono ukagusa udongo. Mdomo wake ukafunguka.

"Kata!" dairekta alipiga kelele. "Kataaa! Mungu wangu, mmeona hiyo?"

Makofi yakalipuka. Vijana wa kamera wanapiga makofi, wasichana wa miwani wanafuta machozi, maiti ikaamka ikaomba taulo. Nashoni alibaki ameinama katikati ya kelele zile. Kisha akajinyoosha, akapangusa mikono kwenye suruali ya serikali ya uongo, na yeye pia akapiga makofi.

Silvester alikuja kumshika Yunisi mabega. "Mama, umeitoa wapi hiyo? Hiyo haikuwemo kabisa. Huyo Nashoni ni nani?"

"Ni mtu aliyemwita mume wangu."

"Safi sana. Tunaliweka. Mtu wa kumwita mkulima tunaye kwenye hadithi, hakuwa na jina, sasa anaitwa Nashoni."

"Mtaliweka kweli?"

"Mama, hili ndilo litafungua msimu."

Siku iliyofuata walimwita tena, yeye peke yake. Atembee juu ya tuta na jembe begani, ageuke atazame nyuma, ashuke majini anawe mikono. Aliuliza ni ya nini, akaambiwa ni picha za kuunganishia tu. Akatembea, akageuka, akanawa. Jioni alimpigia Lea simu Iringa.

"Mwanangu, nimemlilia baba yako."

Lea akauliza, "Kwenye tamthilia, mama?"

"Mbele za watu," Yunisi akasema.

Msimu ulianza kuonyeshwa mpunga ukiwa unachanua. Nyumba ya Esnath ilijaa mpaka uani. Kilio kilikuwa palepale mwanzoni, uso wa Yunisi umejaa kioo kizima, na jina la Nashoni likatoka wazi, mara tatu, mara nne. Hakuna aliyekohoa. Mzee mmoja aliyekuwa ameitikia zamani habari za mashineni aliinuka, akatafuta viatu vyake, akaenda nyumbani.

Kuanzia hapo mambo yalisogea, nami siwezi kusema hayakusogea. Watu walipunguza kumsalimia Nashoni. Kanisani kiti cha mbele kikaanza kuwa na nafasi pande zote mbili. Kwenye tamthilia, Inspekta Fanueli alikuwa akimfuata yule Nashoni wa kuigiza nyumba kwa nyumba, na kila wiki kamba ikawa inakaza. Askari mmoja kijana, wa kweli, alikuja na pikipiki kwa Yunisi, akavua helmeti akauliza lile jina alilitaja kwa maana gani. Yunisi alimweleza yote tangu dirishani. Kijana alisikiliza bila kumkatiza, akasema atarudi.

"Wiki hii wanamvua kofia," Esnath alisema. "Weka akiba ya vigelegele."

Halafu Nashoni mwenyewe akaja. Ilikuwa mchana, Yunisi anapepeta mchele uani. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akaishika kofia yake kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda.

"Yunisi, unataka nini kwangu?"

"Nataka useme ulimwita ukampeleka wapi."

Ungo ulitulia. Kuku walikuwa wanadonoa chenga karibu na viatu vyake, wala hakuwafukuza.

"Silali," akasema. "Mke wangu ananiuliza. Hata wajukuu wananiuliza." Aliizungusha kofia mikononi. "Ngoja nimalize kuvuna. Nitakuja na wazee, tukae."

"Useme nini?"

"Nitakuja na wazee."

Ndiyo hiyo tu. Lakini mtu asiyekuwa na neno haiti wazee, na Yunisi alilijua hilo. Usiku ule alimshukuru Mungu kwa sauti, jambo ambalo hakulizoea.

Kipande cha mwisho kilionyeshwa wavunaji wakiwa tayari mashambani. Nashoni naye alikuja kwa Esnath kutazama; alisimama mlangoni, hakuna aliyempisha. Inspekta alikuwa amewakusanya watu wote kando ya mfereji, kama ilivyo desturi yake mwishoni. Alimwendea Nashoni wa kuigiza. Yunisi alishika mkono wa Esnath.

Inspekta akampa Nashoni mkono.

"Samahani, mzee," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Umeteseka bure. Mtu aliyelitaja jina lako alitaka tukutazame wewe, tusimtazame yeye. Mwenye machozi mengi ndiye aliyekuwa na mengi ya kuosha."

Na hapo akaonekana Yunisi. Yunisi juu ya tuta na jembe begani, asubuhi. Yunisi amegeuka kutazama nyuma. Yunisi anashuka majini, ananawa mikono, taratibu, kidole kwa kidole.

Nyumba nzima ikashusha pumzi. Kisha mtu huko uani akasema, "Ahaa! Mimi nilijua!" na mwingine akacheka, na kicheko kikaenea kama moto kwenye mabua, kicheko cha watu waliofunguliwa mzigo. Walimpisha Nashoni apite ndani. Walimpa kiti. Mzee wa habari za mashineni alimshika mkono kama Inspekta alivyomshika.

"Mwenyekiti, hata Inspekta kasema!"

Nashoni alicheka kidogo, akajifuta jasho. Halafu akamgeukia Yunisi, na sauti yake ilikuwa ileile ya dirishani, haina hata kutu.

"Shemeji, hongera. Umeigiza vizuri sana. Karibu nikuamini."

Yunisi alipanda basi kwenda Iringa asubuhi yake. Hakujua anakwenda kufanya nini. Alijua tu kwamba wale watu wa tamthilia walikuwa na ofisi kule mjini na kwamba Lea yuko kule. Basi lilipanda mlima, baridi ikaingia madirishani, kondakta akawa anamwangalia, anaangalia simu yake, anamwangalia tena. Ofisi ilikuwa imefungwa, mlinzi akasema walishahama. Lea alimpata Silvester kwa simu, akaweka sauti ya nje, mama na binti wakakaa kitandani kwenye chumba alichopanga Lea.

"Mama yangu mwenyewe!" dairekta alifurahi. "Umekuwa staa, unajua?"

"Baba, wewe nilikuambia ni Nashoni."

"Ndiyo, na jina limekaa vizuri. Lakini mama, mkosaji akijulikana tangu siku ya kwanza nani atatazama mpaka mwisho? Lazima tugeuze. Ni hadithi tu hiyo."

"Mume wangu aliuawa kweli."

"Pole sana, mama. Kwa kweli sikujua. Pole." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesikitika hasa. "Sasa hivi hakuna la kufanya, imeshakwenda hewani. Ila msimu wa kumi tuko Mwanza, ungekuwa karibu tungekuita."

Lea alikata simu. Baadaye akaanza kusema, anakwaruza blanketi kwa ukucha.

"Chuoni wananiuliza, mama. Wanasema mama yako ndiye kamuua baba yako. Wanatania."

"Unawajibuje?"

"Nacheka." Akaacha kukwaruza. "Mama, siku ile ya kweli... wewe ulikwenda mferejini?"

Yunisi alimtazama mtoto aliyembeba mgongoni siku ile, uso wake umelala shingoni. Lea aliona kile alichokiuliza, akaanza kulia, akasema nisamehe mama, nisamehe, sijui nimesemaje. Yunisi alimpapasa kichwa. Alisema si neno. Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na chumba kilikuwa kidogo.

Askari wa pikipiki hakurudi. Mavuno yakaisha, magunia yakaenda mashineni, mabua yakachomwa. Yunisi alimfuata Nashoni langoni pa maji, mchana kweupe, watu wakiwepo.

"Ulisema ukimaliza kuvuna utakuja na wazee."

Nashoni aliinua uso. Alikuwa amenenepa tena. "Tukae tuongee nini, shemeji? Si iliisha? Si wote tuliona mwisho?" Wale vijana wa langoni wakaguna kicheko. Mmoja akasema, "Mwenyekiti, mwangalie mikono!"

Mwisho wa kiangazi alifariki mzee Ezekia, fundi seremala, aliyelichonga jeneza la Budeba bila kudai chochote. Yunisi alikwenda msibani kama inavyompasa. Mjane wa Ezekia ni mtu wa Kilolo pia, ameketi kwenye mkeka, na ilifika zamu ya Yunisi kumshika na kulia naye. Alipiga magoti. Alifungua mdomo, akasema, "Yooo, Ezekia wee, fundi wa watu..."

Akasikia ukimya. Wanawake waliokuwa wakilia walikuwa wameacha, wanamtazama yeye. Nyuma kabisa msichana mmoja akamminya mwenzake, na kwenye mkono wake simu ilikuwa imeinuliwa, jicho lake dogo limeelekezwa kwa Yunisi. Hata mjane, katikati ya machozi yake, aliinua uso kumwangalia, kama anayetaka kuona safari hii atamtaja nani.

Yunisi alikunja ncha ya kanga. Akaisokomeza mdomoni, akaiuma, akakaa hivyo mpaka jeneza la Ezekia likatolewa nje.